Kamba ya Ukoo Niliyoipeleka Kondoa

Wanawake wa Akheri, mmeniuliza mtoni, mmeniuliza kanisani, na mmoja wenu aliniuliza msibani tukiwa bado hatujamaliza kuimba: bibi mzima kama mimi alifuata nini Kondoa? Kila mmoja nilimpa kipande cha jibu. Vipande hivyo mmeviunga wenyewe, na sasa nasikia kwamba nilikwenda kutafuta dawa. Sikufuata dawa. Shule yangu mnaijua, iliishia kusoma Biblia na kuandika jina langu bila kukosea. Lakini nimeazima daftari, nitayaandika yote, halafu mniache.

Tengeru, kabla sijaondoka

Aliyenituma ni bibi wa Kipolandi, Tekla, aliyekaa kambini Tengeru kwenye kile kibanda cha mviringo cha mwisho, upande wa ziwa. Nilikuwa nikimpelekea mayai na maharage, na Alhamisi nikimfulia. Wapolandi mnawajua. Vita viliwatoa kwao, Warusi wakawapeleka kwenye barafu, kisha wakazungushwa huko Uajemi mpaka wakaletwa hapa chini ya mlima wetu, na wengine wamelala hapa hapa.

Tekla alikuwa wa ukoo wa mamwinyi. Dorogoski, ndivyo walivyoitwa. Walikuwa na mashamba na farasi, na juu ya mlango wao palichongwa ndege amesimama kwa mguu mmoja. Wenzake walimcheka. Walisema tangu wafike Afrika kila Mpolandi amekuwa mtoto wa mwinyi, sijui wakulima wao walibaki wapi. Yeye alikaa akimenya viazi vyake mwenyewe, na alivimenya vibaya, nusu ya kiazi ikienda na ganda.

Ukoo wao uliandikwa katika kitabu kikubwa: mtu na baba yake, mke na alikotoka, baba tisa kurudi nyuma. Tekla ndiye aliyekuwa na mwandiko mzuri nyumbani, kwa hiyo kitabu kilikaa mkononi mwake. Kule kwenye barafu alikichoma, ukurasa mmoja mmoja, kumchemshia maji mdogo wake aliyekuwa na homa. Mdogo wake akafa hata hivyo.

Lakini haikuwa kuchoma kulikomsumbua. Kaka yake, Anjei, alioa binti wa mtu aliyekuwa akiwaendeshea gari la farasi. Binti huyo aliitwa Hanka. Baba yao akaamuru wote wawili wakatwe kitabuni. Tekla akachukua rula na wino, akawapiga mstari. Alinionyesha kwa kidole juu ya meza namna alivyouchora, pole pole, unyooke. Anjei na Hanka walikufa vitani. Binti yao, Bronka, alikuwa hai, yuko kwenye kambi ya Wapolandi ya Kondoa. Tekla alimwandikia barua nne. Zote nne zilirudi hazijafunguliwa.

Kiswahili cha Tekla kilikuwa cha kambini, lakini nilimwelewa.

"Barua narudi," aliniambia. "Wewe, mama, hapana rudi mpaka yeye sikia."

Mtasema kwa nini mimi. Habari ya kifo cha mwanangu Eliudi ilipokuja kutoka vitani Bama, mlikuja, mkalia nami siku zenu, mkaenda. Hakuwa ameoa, hakuacha mtoto. Kwa ukoo wetu mtu wa namna hiyo hatajwi tena. Moto wake umezimika. Baba yake hakumtaja mpaka naye akafa. Mimi nimelelewa hivyo na wala sikulalamika. Tekla peke yake aliniuliza kijana aliitwa nani. Akalirudia jina mpaka likamkaa mdomoni, na kila Jumapili akamwombea huko kwa padri wao. Hakujua kwamba kwetu hatufanyi hivyo, nami sikumwambia.

Basi nikajifunza ukoo wake. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, kuandika hawezi. Yeye anataja, mimi nachambua maharage na kurudia. Mvua za kwanza zilipoanza akafa, tukamzika pale kwenye makaburi yao. Niliporudi nyumbani nilisokota kamba ya magome ya mgomba, nikafunga fundo kwa kila baba na tanzu pembeni kwa watoto, ili nisipotee njiani. Waliokufa bila mtoto sikuwafungia. Wala sikufikiri. Mkono ulipita tu, kama unavyoruka jiwe kwenye njia unayoijua.

Jumatatu iliyofuata karani mmoja wa kambini akaniambia Wapolandi wa Kondoa wanaondolewa. Jumamosi malori yatawapeleka kwenye reli Dodoma, kisha meli, kisha Australia. Nikafunga mzigo wangu siku hiyo hiyo.

Akheri hadi Kijenge

Nilitembea. Njia mnaijua, matope mnayajua, sitayaeleza. Jioni nilikuwa Kijenge kwa Ndeshi, binti wa marehemu mdogo wangu, maana lori la Mhindi mmoja lililokuwa likipeleka chumvi na mabati Kondoa lilitakiwa kuondoka Jumanne asubuhi.

Halikuondoka. Springi ya nyuma ilikatika. Nilikwenda asubuhi nikakuta dereva yuko chini ya gari, naona miguu tu. Nikaisalimu miguu. Miguu ikanijibu kesho. Jumatano nikaisalimu tena, ikanijibu kesho.

Kwa Ndeshi nilikula vizuri, loshoro ya maziwa mgando kila siku, lakini kila kijiko kilikuja na neno. Aliwaita majirani waje wamwone mama yake mkubwa anayesafiri kwa shauri la Mzungu aliyekufa. Jirani mmoja alitaka kujua nimeachiwa nini. Nikamwambia majina. Akamtazama Ndeshi, wakatazama chini wote wawili, na nikaona wanabana kicheko.

"Mama mkubwa," Ndeshi akasema, "Wazungu wana meli, wana posta, wana simu ya upepo. Wewe una magoti mabovu."

Nikamwambia magoti ni yangu. Lakini msiniulize nilivyokuwa moyoni. Siku mbili zilikuwa zimeliwa na springi.

Matope ya Makuyuni

Tuliondoka Alhamisi. Ile miguu ilikuwa ya Hamisi, Mrangi wa Kolo, mtu mfupi mwenye kofia iliyowahi kuwa nyeupe. Mvua ilikuwa inanyesha, akanipandisha mbele, heshima ya mvi. Mimi nikaanza kazi yangu. Kamba mapajani, kidole kwenye fundo, midomo inataja: Kazimiri, baba wa Matiasi, Matiasi, baba wa Stanisilau, mume wa Yadwiga aliyekuja na farasi kumi. Nikifika mwisho naanza tena.

Baada ya mwendo mrefu nikaona Hamisi hatazami tena barabara, anatazama midomo yangu.

"Bibi, samahani. Unamsomea nani?"

"Sikusomei wewe. Tazama mbele."

"Maana gari hili limeshavunjika springi mara moja. Sitaki livunjike tena kwa sababu ya mafundo ya mtu."

Na kama Mungu alitaka kunitia aibu, hatujafika hata nyumba za Makuyuni gari likazama kwenye ule udongo mweusi, magurudumu yanazunguka kama mtu anayetafuna bila kumeza. Hamisi akashuka, akalitazama, kisha akanitazama mimi. Akasema kwa adabu kabisa kwamba shikamoo yangu ataendelea kunipa, lakini nishuke na kamba yangu nisubiri gari jingine.

Nikashuka. Matope yalinifika kwenye mashavu ya miguu. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama pale: Tekla, kitabu, rula, Bronka, Jumamosi. Hakuamini. Akataka niyataje majina kwa sauti, asikie mwenyewe kama ni uchawi. Nikayataja. Mvua inatupiga, mimi namtajia Mrangi mamwinyi wa Kipolandi, baba tisa. Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa upande.

"Haya ni majina ya kanisani tu," akasema, kama mtu aliyenunua mbuzi akakuta amekonda.

Halafu akajaribu ya kwake, Hamisi bin Issa bin Juma, akakwama hapo, akajikuna. Akasema kwao zamani mtoto alikuwa wa mama yake na wajomba. Ukoo wa wanaume peke yao ni boma la nguzo tupu, fito hazipo, hata kuku anapita. Nikamwambia fito zipo, wake nimewataja. Akasema vizuri. Akanirudisha kwenye kiti.

Gari halikutoka siku hiyo. Tulikula ndizi zangu za kuchoma, naye akatoa tende. Ijumaa, jua likiwa tayari juu, Waarusha waliokuwa wakipitisha ng'ombe walitusukuma na kutucheka. Hamisi akanishauri nisitaje majina mpaka tutoke. Nikatii, ingawa najua ni upuuzi.

Babati

Baada ya Magugu kuna kibanda cha kuua mbung'o. Gari linaingia gizani, watu wanalipiga na nyavu, wanakupiga na wewe. Yule bwana mbung'o alinigeuza kama gunia. Aliona kamba, akaikung'uta, na nilimkemea mpaka akaniomba radhi.

Babati tulichelewa tena kwa ubovu wa gari, maji ya moto na bomba la hewa, sijui. Niliketi nje ya nyumba ya mama mmoja wa Kigorowa aliyekuwa akitwanga mtama. Kiswahili chake kilikuwa maneno matano, na mimi lugha yake sina hata moja. Aliniletea maziwa mgando kwenye kibuyu. Kisha akaiona kamba mkononi mwangu, akaigusa, akanitazama usoni. Akaacha mchi. Akaja akaketi chini karibu nami, ameshika ncha ya kamba. Nilielewa kwamba alidhani ni kamba ya msiba, kwamba nimefiwa na watoto wote hao.

Ningeweza kutikisa kichwa. Sikutikisa. Tulikaa hivyo mpaka Hamisi aliponiita. Katika safari yote sikukaa vizuri mahali pengine popote.

Kolo, na mlenda

Jumamosi asubuhi tulikuwa Kolo. Kutoka hapo Kondoa si mbali. Nikajua tumefika. Hamisi akasimamisha gari.

Alikuwa anapita kwa mama yake. Nikamwambia malori ya Wapolandi yanaondoka leo. Akasema anajua, anamsalimu tu. Mama yake, bibi wa umri wangu na ulimi kama wangu, akasema mgeni hapiti nyumbani kwake na tumbo tupu. Nikasema nina haraka. Akasema haraka yangu ameiona, sasa ninawe mikono.

Ukaletwa ugali wa uwele na mlenda. Enyi wanawake, mlenda. Ukiuvuta unakufuata. Sisi watu wa ndizi hatukuumbiwa kitu kile. Kila nikimeza naona lori linapakiwa. Nilikula kwa hasira mpaka sahani ikawa nyeupe, na yule bibi akadhani nimeupenda, akaniongeza. Hamisi alikuwa akitazama ukutani, mabega yanatikisika. Nikala na wa pili. Ningefanya nini? Kumwachia mwenye nyumba chakula chake ni tusi hata kwetu.

Kondoa

Malori yalikuwa bado yapo, manne, yamepanga mstari mbele ya kambi, masanduku yameshapanda. Watu walikuwa wanakumbatiana. Hamisi, Mungu amlipe, alipiga honi akapita katikati yao kama anampeleka Bwana Shauri wa wilaya mwenyewe.

Nilimuuliza askari wa getini Bronka ni yupi, akaninyooshea kidole. Alikuwa ameketi juu ya sanduku la mbao, msichana wa kama miaka ishirini, nywele fupi, ncha za vidole zimechomwachomwa na sindano. Nikamsalimu. Akanijibu shikamoo, Kiswahili chake safi kuliko changu.

"Kama ni barua," akasema, "siitaki."

"Sina barua."

"Nani amekutuma?"

"Tekla. Amekufa. Tumemzika wiki iliyopita."

Uso wake haukubadilika. Alinigeuzia mgongo akaanza kufunga kamba ya sanduku iliyokuwa imeshafungwa. Sikumwomba anisikilize. Nilisimama nyuma yake, nikashika fundo la kwanza, nikaanza kwa sauti ile ninayosomea Zaburi kanisani. Kazimiri, baba wa Matiasi. Wapolandi wakageuka kunitazama. Mzee mmoja akavua kofia. Nikaenda fundo kwa fundo, sikuruka, sikukosea, mpaka la mwisho.

"Anjei, mume wa Hanka, binti wa mwendesha gari la farasi. Anjei na Hanka, wazazi wa Bronka."

Mgongo ukasimama.

"Rudia hapo."

Nikarudia. Akaniambia tena. Nikarudia mara ya tatu. Akageuka.

"Nani amemweka mama yangu hapo?"

Nikamwambia ni shangazi yake, kwa mdomo wake mwenyewe. Nikamwambia kwamba alinionyesha namna alivyouchora ule mstari, na kwamba hakujitetea, hakusema baba ndiye aliyeamuru ila nilipomuuliza. Alitaka asikie tu. Hakutuma neno la kuomba asamehewe.

Bronka akanyoosha mkono, nikampa kamba. Akaipapasa kwa vile vidole vya mshonaji, upesi kuliko mimi, akauliza huyu nani, huyu nani. Akafika kwa baba yake. Akatafuta pembeni, juu, chini.

"Mdogo wake yuko wapi, yule aliyekufa kwa homa? Na shangazi Tekla mwenyewe, fundo lake liko wapi?"

Ndipo nilipoona. Wanawake wenzangu, nilikuwa nimetembea, nimezama matope, nimekula mlenda sahani mbili kwa ajili ya mtu yule, na kwenye kamba yake hayupo.

"Hakuzaa," nikasema. "Kwetu asiyeacha mtoto hatajwi."

Akacheka, si kicheko kizuri.

"Kumbe na ninyi mna rula."

Nimezungumziwa vibaya na watu wengi, hakuna neno lililonikaa kama hilo. Nilitaka kuichukua kamba nifunge fundo pale pale. Hakuniachia.

"Yeye alimkata mama yangu," akasema.

"Ndiyo."

"Sasa unataka mimi nimfunge."

"Sitaki kitu. Kamba ni yako."

Wakaita majina. Lake lilikuwa miongoni mwa ya mwisho. Alipanda, akaketi nyuma kabisa, miguu inaning'inia, kamba mapajani. Hakupunga mkono, nami sikupunga. Lori lilipoanza kwenda niliona vidole vyake vinafanya kazi kwenye ile kamba. Kama vilikuwa vinafunga au vinafungua, macho yangu hayakufika. Likapinda kona.

Kurudi

Nilirudi kwa gari lile lile. Hamisi hakuuliza kitu mpaka Bereku, halafu akaniuliza kama majina yamepokelewa. Nikamwambia sijui. Njia nzima sikutaja mtu, na gari halikuzama mahali popote, jambo ambalo alilitaja mara mbili.

Nilishuka Tengeru kabla ya kuja nyumbani. Nilikwenda makaburini nikamwambia Tekla yaliyotokea, yote, pamoja na kosa langu. Watu wa kambi wamepungua sana. Kibanda chake kimeshatolewa mlango.

Barua kutoka Australia haijaja na siingojei. Nimesokota kamba nyingine. Hii ni ya kwangu, inaning'inia juu ya kitanda, yeyote kati yenu anaweza kuja kuitazama. Wazee wa ukoo wameiona, wamenung'unika, nimewaacha wanung'unike.

Na sasa nawaambia mliyoniuliza na msiyoniuliza. Siku yangu iko karibu kuliko zenu. Mtakaponisimamia kaburini, mmoja wenu atasoma nilizaa watoto wangapi. Mmezoea kusema watano. Ni sita. Wa pili anaitwa Eliudi. Atakayemruka, ashuke na kamba yake kaburini anieleze.